Kidimbwi Kisichotajwa

Asubuhi ile ofisi ya utalii mjini Labasa ilinuka tope. Si tope la barabarani; tope la chini ya maji, lenye uvundo wa samaki mikunga waliooza. Bwana Prasad, mkuu wa ofisi, aliandika barua ya kulalamikia mabomba, akapeleka nakala idara tatu, kisha akarudi anacheka.

"Dada Akanisi! Ukurasa wako umekuwa wa kwanza! Mtu akitafuta kidimbwi cha kuogelea, mtambo wa kutafutia unamletea chako!"

"Wa kwanza kabisa?"

"Mtambo unasoma kurasa zote za mtandao, unazihifadhi, kisha unaupandisha juu ule unaowekewa viungo na kurasa nyingi. Na wako zinauelekea kama nzi kwenye papai. Keki leo juu yangu."

Akanisi hakuila. Kidimbwi kilikuwa cha kijiji cha mama yake, na jini lake halikutajwa jina hata na wazee. Lakini yeye alikuwa mtoto wa binti wa kijiji, na kwa desturi yao mtoto wa binti hujichukulia kwa wajomba zake nguruwe, mkeka, hata mtumbwi, bila kuomba. Basi alipouandika ukurasa ule alichukua na jina la jini, akaliweka juu yake, kwa kuwa ofisi ilitaka wageni.

Kila ukurasa mwingine ulipoelekeza kwenye wake, unyevu ulisogea: kwanza koridoni, halafu kwenye kiti chake, hata siku moja akarudi nyumbani akamkuta bintiye Losalini anatetemeka kitandani, nywele zinachuruzika maji ilhali mvua haikunyesha, na ubavuni pake godoro limebonyea, kama kwamba kitu kizito kilijilaza pale, kikapumua, kikaondoka taratibu, kwa kuwa hakikuwa na haraka.

Akaufuta ukurasa. Mtambo ulikuwa na nakala, na wengine walikwisha kunakili. Akachukua jino la nyangumi, zawadi ya kuombea msamaha kwa desturi yao, akaenda kijijini, akapiga magoti.

"Mjomba, nimekosa."

Mjomba Apenisa alilipokea jino kwa mikono miwili, akanong'ona. "Ungechukua nguruwe, mwanangu. Hata mtumbwi wangu mbovu. Jini lile halitoki mpaka liitwe."

"Nimeshalifuta jina."

"Na wanaoliita huko nje, utawafuta nao?"

"Siwawezi. Naweza kulizamisha jina tu, wasilione."

"Zamisha. Sisi tutaliombea jini usingizi."

Akanisi akaandika kurasa juu ya kurasa za maporomoko na ndege, akaomba hoteli zote ziziwekee viungo, mpaka lile jina likashuka huko chini ambako hakuna msomaji anayefika. Losalini akapona. Idara ya maji ikamjibu Bwana Prasad, ikiomba sampuli ya harufu.

Ila kurasa hupanda na kushuka zenyewe, na mama aliyemponza mwanawe hatulii. Na ili kujua kama jina bado liko chini, sharti uliandike mtamboni. Akanisi alifuta jasho vidoleni, akaliandika, herufi baada ya herufi.

Liko chini. Akashusha pumzi.

Chumbani, kwa sauti nzito isiyo yake, ya mtu aliyeamshwa, Losalini akaitika:

"Abee?"