Mngurumo Uliohamia Tumboni

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo: mtambo ulicheua.

Fundi alikuwa sebuleni peke yake, mchana kweupe, hedifoni masikioni. Mezani palikuwa na bodi aliyokuwa akimtengenezea daktari wa moyo, bodi ya kugeuza namba za kompyuta kuwa sauti, ili wanafunzi wa daktari wasikilize mapigo ya mioyo migonjwa. Mapigo hayo ni mazito, sauti yake iko chini kabisa, na huko chini ndiko kila saketi huwa na mngurumo wake. Hilo halikumshangaza. Lakini mngurumo haucheui. Huu ulicheua, kisha ukameza mate.

"Umekula nini wewe?" aliitania bodi, akavua hedifoni. Sponji zake zilikuwa na ute. Alinusa kidole, nusura atapike. Ulinuka kama maji ya nyama iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Mumewe, dereva wa lori la saruji, aliingia akiwa ameziba pua. "Mama nanihii, kuna panya kafia humu?"

"Labda nyuma ya kabati."

Walisogeza kabati. Hapakuwa na panya.

Fundi alikuwa mbishi. Aliamua kuumaliza mngurumo ule. Kwanza aliusafisha umeme wa kipimo, ule ambao kila namba hulinganishwa nao kabla haijawa sauti. Akaupitisha kwenye chujio la rezista na kapasita nene kama kidole gumba. Kisha akaweka swichi za kupindua pande za kikuza sauti haraka haraka, ili mngurumo usukumwe juu, mbali na mapigo, uchujiwe huko. Kila alipochoma lehemu, moshi ulinuka nywele zinazoungua. Kila alipopima, mngurumo ulikuwa umepungua. Mwishowe akausikia moyo wa mgonjwa peke yake, safi kabisa, bila kingine chochote. Alicheka kwa furaha.

Nyuma yake, mumewe akacheua.

"Samahani," mume alisema, mkono mdomoni. Alipoutoa, ute ulivutika kutoka midomoni hadi vidoleni kama uzi.

Tangu hapo tumbo lake halikunyamaza. Alikula bila kushiba, na alipotafuna, kitu kingine ndani yake kilitafuna pia, nyuma kidogo, kama mtu anayemwigiza. Jasho lake likawa la manjano, likaganda kwenye mashuka. Zahanatini walimpa dawa ya minyoo, na alipoimeza tumbo likacheka. Siku hiyo mkewe alimlaza kwenye kochi, akamwekea sikio tumboni, akausikia mngurumo ule ule aliokuwa ameufukuza kwenye bodi, lakini sasa ulikuwa mnono, wenye majimaji, wenye pumzi, ukajiburuta chini ya ngozi mpaka ukafika alipoliweka sikio, ukasimama, ukamnong'oneza:

"Kule umenifungia mlango. Huku pana joto."

"Amesema nini?" mume aliuliza kwa sauti ndogo, machozi yakimtoka.

"Hakuna kitu. Tulia, mume wangu."

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua makali, na ndiyo sababu aliweza kukaa karibu na mgonjwa. Alimsikiliza fundi hadi mwisho, akapenga kamasi.

"Jini huyu hukaa ndani ya mngurumo," alisema. "Ulipomnyima kule, akatafuta kwingine. Mrudishie nyumba yake. Akishaingia, izime."

"Mama, hiyo ni kazi ya miezi!"

"Na huyu ni mumeo."

Fundi alichukua chuma cha lehemu. Aling'oa kapasita, akaondoa swichi, akaunga spika. Mngurumo ukarudi, mzito, ukatikisa vikombe. Mganga akaweka bodi kwenye beseni kavu, akamwinamisha mgonjwa juu yake, akaanza kumsomea huku akimkanda mgongo.

Mume alitapika maji ya manjano, yakafuata mafundo ya nywele, yakafuata meno madogo ambayo hayakuwa yake, kisha taya zikapanuka kupita kiasi na likatoka pande jeusi, laini kama ini bovu, lenye mdomo uliokuwa ukifunguka na kujifunga, likaanguka juu ya bodi, likajinyonga, likajipenyeza katikati ya vipande vya saketi hadi likaisha lote. Spika ikacheua kwa kushiba.

"Sasa!" mganga alipiga kelele.

Fundi alichomoa waya. Ukimya. Wakaiponda bodi kwa nyundo humo humo kwenye beseni, wakaichoma uani hadi ikawa majivu. Daktari aliambiwa atafute fundi mwingine.

Mume alipona. Uso ulinawiri, tumbo likatulia, akarudi kwenye lori lake. Ijumaa moja alirudi mapema, akapika mwenyewe, akamwandalia mkewe meza kwa kumshukuru.

"Bila wewe ningekuwa maiti," alisema. Akachagua kipande cha nyama kilicho laini, akakiuma kidogo kuonja chumvi, akamsogezea mdomoni. "Fungua, mke wangu."

Fundi aliyatazama meno yale, na midomo iliyong'aa kwa mafuta, akakumbuka kilichotoka humo. Alibana pumzi, akafumba macho, akafungua mdomo.