Skrini ya Pili

Kishale kilipotea upande wa kulia.

Ndivyo lilivyoanza, jambo dogo la kuchekesha. Shemeji alisukuma mausi, na badala ya kishale kugota kwenye ukingo wa skrini, kikapitiliza, kikaenda zake kama mtoto aliyetumwa dukani akaona mpira. Akakivuta, kikarudi. Akakisukuma, kikaenda tena.

"Fundi," alimwambia mdogo wa marehemu mkewe kwenye simu, "huo mfumo mpya ulioniwekea jana una wazimu."

Fundi alikuwa fundi kweli, wa kompyuta, na jina alilopewa na wazazi watu walishalisahau. Alikuja na mkoba wake mchana uleule. Studio ya picha ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: pazia jeupe, taa mbili, meza moja ndefu. Dada yake alipokuwa hai, meza ile ilikuwa na skrini mbili kwenye kompyuta moja. Shemeji alikaa kushoto akichagua picha za harusi, Dada alikaa kulia akirekebisha rangi. Shemeji akimaliza picha yake, anaiburuta kwenda kulia, inatokea kwa mkewe. Walifanya kazi hivyo miaka nenda miaka rudi, karibu bila kusemezana, na nyumba ikala.

Dada alikuwa na msimamo wake. Mabibi harusi walimbembeleza awang'arishe ngozi kidogo, wapendeze. "Nitaangaza picha," aliwajibu, "mtu nitamwacha alivyoumbwa." Walionuna walinuna, wengine wakahamia studio nyingine. Na kompyuta ilipodai mfumo mpya, alikuwa akicheka: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Sasa amekufa, msala umepita, na mdogo wake ndiye aliyeutandika.

Skrini ya Dada haikuwepo tena. Baada ya mazishi Shemeji alishindwa kuitazama ikiwa nyeusi, akampa Fundi aende nayo kibandani kwake. Kiti tu ndicho kilichobaki.

Fundi alifungua mipangilio, akakunja uso. "Inasema zimeunganishwa skrini mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Akachungulia nyuma. Waya mmoja tu. "Ni draiva hiyo, Shemeji. Haijakubaliana na mfumo mpya." Akaiondoa, akaiweka upya, akazima na kuwasha. Bado mbili. Mwisho akachagua skrini moja tu itumike, na kompyuta ikauliza: ubakishe mabadiliko haya? Chini yake namba zikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kompyuta huuliza hivyo ili ukikosea, skrini ikazima, isikufungie nje. Ukinyamaza, inarudisha yale ya mwanzo. Fundi akabonyeza ndiyo. Kishale kikagota ukingoni. Akafunga mkoba akaenda zake, roho kwatu.

Hakuambiwa kwamba kabla hajafika kibandani, kishale kilikuwa kimepita tena.

Aliporudi kusalimia baada ya wiki kadhaa, alimkuta shemeji yake amekonda, midomo imekauka, ngozi imefifia rangi kama nguo iliyoloweshwa jiki. Na anatabasamu.

"Funga mlango," Shemeji alinong'ona. "Nikuonyeshe kitu, usipige kelele."

Akaburuta picha ya harusi kwenda kulia. Ikatoweka. Wakangoja. Chumba kilinukia mafuta ya nazi, yale aliyokuwa akipaka Dada nywele zake, na chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine ya udongo mbichi, uliofukuliwa. Kisha Fundi akasikia, kutoka kwenye kiti kitupu, kwenye upande wa meza usiokuwa na kitu, mlio mdogo wa kidole kikibonyeza mausi, ukinyamaza, ukibonyeza tena, bila haraka, kwa mwendo uleule aliokuwa akiusikia tangu anasoma shule akija kulala hapa wakati wa likizo, mpaka akashika ukuta, na machozi yakamtoka kabla hata ya woga kufika.

"Dada?" alisema.

Mlio ukakoma. Kiti kikageuka kidogo kumwelekea.

Picha iliporudi ilikuwa imekamilika rangi. "Umeona?" Shemeji alisema. "Ni yeye. Nampelekea kazi, na picha nilizopigwa mimi pia, asiwe mpweke. Nimempelekea karibu zote."

Fundi alitoka mbio mpaka kwa shangazi yake Shemeji, mama mmoja mkali wa maneno aliyekuwa akitoa watu majini, na akiwagombeza majini na wagonjwa sawasawa.

"Draiva ndiyo nini?" Shangazi aliuliza.

"Ni kama mshenga, Shangazi. Kompyuta ina picha, skrini haijui kuzisoma. Draiva anachukua huku anapeleka kule."

"Na mshenga wenu mpya kaleta habari za nyumba isiyokuwepo."

"Ndiyo."

"Ipo. Ni hame. Mmehama mkaacha mlango wazi na kiti kimewekwa, halafu mnashangaa jini kaingia? Jini anapenda nini kama si hame?" Akavuta mtandio wake. "Maiti harudi kufanya kazi, mwanangu, kazi zake zimekwisha. Irudishe hiyo skrini. Huwezi kumtoa mtu kwenye nyumba usiyoiona. Na mwenye kilio aufunge mlango kwa mkono wake. Wewe uliufunga, ukaona ulivyofunguka tena?"

Walikwenda pamoja, mvua ikinyesha, skrini ya Dada imefungwa kwenye kanga. Shangazi akabaki kizingitini na dua zake. "Mambo ya nyaya siyawezi," alisema. Fundi akaiweka skrini mbele ya kile kiti bila kukigusa, akachomeka waya.

Ikawaka.

Ilikuwa picha moja tu, ya harusi ya Shemeji na Dada. Bibi harusi alikuwa amesimama mzima. Kando yake bwana harusi alikuwa akiungwa kipande kwa kipande, kiatu kutoka picha hii, bega kutoka picha ile, na kila picha yake mwenyewe aliyoituma Shemeji ilikuwa imepangwa pembeni ikiwa na tundu lenye umbo lake. Kishale kilikuwa kikitembea chenyewe. Kilichobaki kuwekwa ni uso.

Shemeji alipiga magoti mbele ya skrini. "Mke wangu."

"Shemeji," Fundi alisema. "Tazama ngozi yake."

Dada alikuwa mweusi ti, na akijivunia. Yule wa kwenye picha alikuwa mweupe kama karatasi, na vipande vyote vya bwana harusi vilikuwa vyeupe vilevile.

"Dada hakuwahi kumng'arisha mtu. Leo aanze na wewe?"

Shemeji akalia, kilio cha mwanamume aliyejizuia tangu makaburini. "Nilijua, Fundi. Nilijua tangu picha ya kwanza. Bibi harusi wa picha ile alirudi mweupe. Nikajiambia, bora huyu kuliko kukosa kabisa."

Akavuta mausi. Akachagua skrini moja. Swali likatokea, namba zikaanza kushuka. Mkono wake ukabaki hewani. Fundi aliuma kanga asimsaidie. Namba zikaisha, kila kitu kikarudi kilivyokuwa, na kidevu cha bwana harusi kikawekwa mahali pake.

"Tena," Shangazi alisema mlangoni.

Akachagua tena. Safari hii sauti ilitoka kwenye kiti, laini, ya Dada kabisa: "Mwenzangu, unaniacha gizani?"

Fundi alitamani kuitikia. Wallahi alitamani.

"Mke wangu amekufa," Shemeji alisema. Hakuwa amewahi kulisema neno hilo kwa kinywa chake. "Amekufa, nilimzika mimi." Akabonyeza.

Skrini ya kulia ikazima. Harufu ya udongo ikatoka ikampita Shangazi, naye akatema mate nje, akaisindikiza kwa matusi. Harufu ya mafuta ya nazi nayo ikaondoka. Hiyo ndiyo iliyowaliza wote wawili.

Rangi ya Shemeji ilirudi polepole, isipokuwa mkono wa kulia, ule wa mausi, uliobaki mweupe mpaka kifundoni. Wateja wakiomba wang'arishwe, anawaonyesha mkono huo, wanaacha.

Siku hizi anafanya kazi zote peke yake, na rangi hazifikii zile za Dada. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, anasukuma mausi kwenda kulia. Kishale kinagota ukingoni. Anasukuma tena, kinagota. Anamshukuru Mungu, analia kidogo, kisha anafungua picha ya kwanza.