Tanuri Halidondoshwi

Siku hiyo mwokaji aliamka na furaha. Kwa miaka alikuwa akioka mikate kwenye jiko dogo la uani, moshi ukimtoa machozi. Sasa tanuri kubwa la chuma lilikuwa limefika, limekaa juu ya lori mbele ya mlango wa duka.

Nyumba yao ilikuwa mtelemkoni. Duka lilikuwa upande wa barabara, na chini ya sakafu yake ya mbao palikuwa na chumba cha mama mkwe. Mumewe na shemeji yake walikuwa wamelaza chuma kinene juu ya kuta mbili za duka, wakatundika winchi ya mnyororo ya kuinulia mizigo. Tanuri lingeinuliwa kutoka kwenye lori, livutwe ndani, kisha literemshwe.

Walianza na bamba la chuma la kukalia tanuri. Lilipobaki shubiri moja kufika chini, mume alichoka.

"Liachie tu, imebaki kidogo!" alimwambia shemeji.

Puu! Nyumba nzima ilitikisika. Sauti ya mama mkwe ikapanda kutoka chini.

"Jamani! Vumbi la dari limenijaa kichwani! Nimezaa na kulea, sasa niuawe na mkate ambao hata haujaokwa?"

Mwokaji aliteremka mbio. Mama mkwe alikuwa mzima, anajipangusa. Lakini kwenye boriti moja palikuwa na ufa mwembamba.

Kishindo kilimleta jirani yao, mwanamke anayeendesha kreni bandarini. Mtaa mzima ulimwita Mama Kreni. Alishuka chini, akautazama ule ufa.

"Bamba limefanya haya," alisema. "Tanuri je?"

"Fundi alituhakikishia sakafu inabeba hata matanuri mawili," mume alijibu.

"Alisema kweli, jirani. Inabeba yakiwa yametulia. Dada, nipe mizani yako na mfuko wa unga wa kilo mbili."

Mwokaji akaleta mizani yake ya mshale. Mama Kreni akauweka mfuko taratibu. Mshale ukapanda polepole, ukasimama kwenye mbili. Akauinua tena, akaushika ukiwa unagusa tu sahani, kisha akauachia ghafla. Mshale ukaruka karibu na nne, ukarudi, ukatulia kwenye mbili.

"Unga ni uleule!" mwokaji alishangaa.

"Uleule. Sasa tazameni." Akauachia kutoka kimo cha shubiri. Mshale ukaruka hadi mwisho wa namba.

Mume akajikuna kisogo. "Kwa hiyo tukiliachia ghafla, hata kama linagusa sakafu..."

"Sakafu inaliona kama matanuri mawili. Hapo mmefika ukingoni. Likianguka kutoka juu, mmevuka. Na sakafu ikiwa ngumu, kishindo kinakuwa kikali zaidi. Kuanguka kwenye godoro na kuanguka kwenye saruji ni mamoja?"

"Thubutu!" alisema shemeji.

Kazi ikasimama. Fundi aliitwa, akabadilisha boriti yenye ufa na kuongeza nguzo chini yake. Fundi aliporidhika, Mama Kreni akarudi. Kwanza alimtoa mama mkwe chumbani. "Mzigo ukiwa hewani, chini yake hakai mtu. Hata paka." Kisha wakatandika matairi ya zamani mahali pa tanuri, na vipande vya mbao pembeni vya kulizuia lisiinamie.

Tanuri likaning'inia ndani ya duka, kubwa kama kabati la bibi harusi. Mume akavuta mnyororo, akapumzika, akavuta tena. Matairi yakaguswa, yakaanza kubonyea.

Ghafla mkanda uliolifunga tanuri ukateleza. Tanuri likashuka kwa kishindo. Mwokaji akafumba macho.

Alisikia matairi yakinung'unika, kisha kimya. Akafungua jicho moja. Tanuri lilikuwa limekaa. Sakafu ilikuwa nzima. Alikimbilia chini, akapapasa kila boriti. Hapakuwa na ufa mpya.

"Vipi huko?" mume aliuliza kutoka juu.

"Salama! Salama kabisa!" Akaketi palepale kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mume akashusha pumzi. "Ningeliachia kutoka kimo cha shubiri bila matairi, leo tungekuwa tunalichimbua chumbani kwa mama."

Wakaliinua kwa jeki, wakatoa matairi, wakaliteremsha kidogo kidogo mpaka likakaa juu ya bamba.

Asubuhi moja baadaye, duka lilijaa harufu ya mikate bila chembe ya moshi. Wateja walipanga foleni hadi nje. Shemeji aliingia na gunia la unga begani, akapinda magoti, akalilaza sakafuni polepole kama mtoto aliyesinzia.

"Hapo sawa," alisema mwokaji, akampa mkate wa moto.