Vigingi vya Fortunée

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya mabomba ya moshi ya kiwanda cha Likasi, mji wa shaba kusini mwa Kongo, Fortunée alimfuata baba yake kwenda uwanja wa gofu. Baba alitangulia na mfuko wa fimbo begani. Yeye alifuata akiwa na ndoo ya mipira mkono mmoja na furushi la vigingi mkono wa pili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa imefungwa tangu walimu wagome kwa kukosa mishahara, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza sare yake iko wapi.

Baba yake, Godefroid, alikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa na mwalimu wa mchezo huo katika klabu ya mji. Alianza utotoni kwa kuwabebea Wabelgiji mifuko. Wenzake walipokuwa wakipiga soga kivulini, yeye aliuliza maswali ya kuudhi: kwa nini mpira huu unapinda kulia? Kwa nini asubuhi ya baridi mpira hauendi mbali kama adhuhuri? Hakutulia mpaka apate sababu. Aliielesha mipira katika beseni la maji ya chumvi, akaona ule wenye upande mzito unavyojigeuza, akautenga. Mkewe, Albertine, alilalamika sana juu ya beseni lile.

"Ba mipira banakula chumvi kupita batoto!" alisema.

Lakini beseni lilizaa matunda. Godefroid aliwashinda wale aliowabebea mifuko, kisha wachezaji wa Lubumbashi, kisha wa miji ya shaba ya Zambia. Watu wakambandika jina la Docteur, yaani Daktari, naye hakulikataa. Kanuni yake ilikuwa moja, na Fortunée aliijua kama anavyojua sala ya jioni.

"Unabadirisha kintu kimoja tu, kisha unaangalia mupira," baba alikuwa akisema. "Mupira haina adabu. Haiwezi kukusifu bule."

Hayo yalikuwa ya zamani. Miaka ya tisini ilipoingia, mambo yaliharibika kwa kasi ya kutisha. Wageni walikimbia baada ya uporaji. Kisha majirani wenye asili ya Kasai waliambiwa hapa si kwao, ingawa wengi walizaliwa hapahapa. Walilala stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni, na baadhi yao walizikwa kabla treni haijafika. Julie, rafiki wa Fortunée, aliondoka hivyo, na hawakupata hata nafasi ya kuagana. Klabuni hapakubaki wa kufundishwa. Mshahara ulikoma. Umeme wa bwawa la Koni bado uliwasha taa, lakini chunguni hapakuwa na kitu.

Nyumbani kwao walianza kula kwa zamu: leo watoto, kesho wakubwa. Mama Albertine aliuza sokoni samaki wakavu wa ziwa Tshangalele ambao yeye mwenyewe hakuwaonja. Siku ya wakubwa ilipofika, baba alisukuma sahani yake kwa Fortunée na mdogo wake Eddy.

"Kuleni," alisema. "Minye nilisha kukula ku klabu. Mupishi angali iko kule."

Watoto hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Bukari, ugali wa kwao, ilikwisha kabla mama hajakaa vizuri.

Mwanzoni mwa kiangazi, baba alirudi nyumbani akitetemeka kwa furaha. Klabu moja ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, ilitaka mwalimu. Wachezaji wawili wangeshindana kwa siku moja, na atakayeshinda angepewa kazi, nyumba na shule ya watoto. Mama aliketi chini palepale mlangoni akalia, maana alikuwa amesahau jinsi habari njema inavyosikika.

Tangu siku hiyo mazoezi yakawa ya kufa na kupona. Kazi ya Fortunée ilikuwa kusimama mbali, mahali ambapo uwanja unashuka nyuma ya mwinuko. Baba aliweza kuona mpira unaruka, ila hakuweza kuona unapoangukia. Mipira ilikuwa michache na wezi walikuwa wengi, kwa hiyo Fortunée aliiokota mara moja, kisha akachomeka kigingi katikati ya pale ilipoanguka. Kila fimbo ilikuwa na kigingi chake. Namba ya fimbo ikipungua, mpira huenda mbali zaidi, na vigingi vilimwambia baba kila fimbo inafika wapi. Kwa mchezaji kama yeye, hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ushindi.

Kigingi cha fimbo ya saba siku zote kilikaa nyuma ya kichuguu. Asubuhi moja mipira yote ya fimbo hiyo iliangukia mbele ya kichuguu, upande wa baba. Fortunée alichomeka kigingi palepale. Baba alipokuja kukitazama, uso ulimsawijika. Alizunguka kigingi kile, akakitazama tena, akarudi nyumbani, na siku nzima hakumtania Eddy hata mara moja.

Kesho yake mipira ikaanguka karibu tena. Fortunée alimkumbuka baba alivyokaa jana, moyo ukamuuma. Alitazama mwinuko; baba hakumwona. Akakichukua kigingi, akakipeleka nyuma ya kichuguu, pale pa zamani.

"Nguvu inarudia!" baba alisema alipofika, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka kwa sauti.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Fortunée alifanya hivyohivyo kesho yake, na keshokutwa, na kwa vigingi vyote. Alijiambia kwamba anamtia baba moyo. Usiku hakulala vizuri, ila asubuhi kicheko cha baba kilimsahaulisha.

Wakaenda Zambia wawili, juu ya lori la mkaa, Fortunée akiwa mbebaji wa mfuko. Mpinzani alikuwa kijana mmoja wa kule, Mulenga, mwenye mikono minene na shati jeupe. Kutwa nzima baba alicheza kwa akili. Alipima upepo kwa majani, akapiga karibu pale mwenzake alipopiga kwa pupa, akateleza na kuinuka tena. Walipofika kwenye shimo la mwisho walikuwa sawasawa. Mulenga alikwisha kupiga, mpira wake ukaanguka majanini, mahali pabaya. Sasa ilikuwa zamu ya baba, na mbele yake kulikuwa na bwawa la kuvuka.

Alisimama muda mrefu, maana mara kadhaa siku hiyo mpira wake ulianguka karibu kuliko alivyotarajia. Mkono wake uligusa fimbo ya sita, ukarudi kwenye ya saba.

"Fortunée," aliuliza polepole, "ku Likasi, kigingi ya fimbo ya saba iko fasi gani?"

Fortunée alijua mahali kigingi kilipo na mahali kilipopaswa kuwa. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini angelisemaje sasa, mbele ya watu wote hawa? Ulimi ukasema wenyewe.

"Nyuma ya kichuguu, Papa."

"Bien," baba alisema, akaichomoa fimbo ya saba.

Alipiga vizuri sana. Mpira ulipanda juu, mzuri wa kutazama, ukaanza kushuka mapema, ukazama bwawani karibu kabisa na ukingo wa pili. Watu wakasema, "Aa!" Baba alibaki ameshika fimbo hewani. Kazi, nyumba na shule vilizama na mpira ule, na Fortunée peke yake ndiye aliyejua sababu.

Njiani juu ya lori baba hakumlaumu mtu. Alisema mara moja tu, kana kwamba anajisemesha mwenyewe, "Nilipima vizuri, na kipimo ilinidanganya. Basi sijui kintu tena." Fortunée alijifunika kichwa kwa kitenge ili baba asione machozi yake.

Siku chache baadaye, jirani yao Gaston aliingia jioni akiwa na vumbi la Kambove nguoni. Huko alikuwa akichimba shaba katika migodi ya zamani iliyoachwa.

"Kesho tunaenda, Docteur," alisema. "Ila nikuambie mbele: mu shimo hakuna ngazi. Unashuka na kamba, unapanda na mikono yako. Mikono ikichoka mu kati, basi, ni bule, tunakuzika."

"Mikono niko nayo," baba alijibu. Fimbo zake alikuwa amekwisha kuziegemeza mlangoni ili mtu aje azinunue.

Roho ilimruka Fortunée. Duniani kote ni yeye tu aliyejua kwamba mikono ile haikuwa na nguvu. Aliiona ikipungua asubuhi hata asubuhi, naye akaificha. Gaston alipotoka, alimshika baba shati.

"Papa, usiende. Utaanguka. Mikono yako haina nguvu."

"Nani alikuambia?"

"Mipira. Ilikuwa inaanguka karibu, kila siku. Minye njo nilisogeza vigingi. Sikutaka uhuzunike."

Baba hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na Fortunée aliona jambo hilo likimwingia usoni.

"Na kule Zambia? Nilipokuuliza?"

"Nilijua, Papa." Akaangua kilio.

Baba hakumpiga. Alitoka, akakaa nje gizani peke yake, na Fortunée aliona afadhali angepigwa. Lakini alfajiri Gaston alipobisha, baba alimwambia aende bila yeye. Kisha akamwamsha binti yake kwa sauti kavu.

"Beba ndoo. Tunapima tena."

Safari hii mama pia alikwenda. Baba alipiga fimbo moja baada ya nyingine, naye Fortunée akachomeka kila kigingi pale hasa mpira ulipoanguka. Baba alipovuka mwinuko na kuviona, vyote vilikuwa karibu kuliko zamani, na cha saba kilikuwa mbele ya kichuguu. Hata fimbo ya sita ilifika kwa shida pale ya saba ilipokuwa ikifika zamani.

"Kwa hiyo ilikuwa fimbo ya sita," alisema taratibu. "Ile tu." Halafu akatikisa kichwa. "Lakini juu ya nini? Fimbo ni zile zile. Mipira ni ile ile. Hakuna kintu nilibadirisha!"

Mama Albertine alikuwa akimtazama tangu alipoanza kupiga. Aliutazama mkanda wake uliotobolewa matundu mapya, na shingo yake iliyokonda ndani ya kola.

"Papa Fortunée," alisema, "ku klabu unakulaka nini?"

Baba akainama kuokota mpira.

"Twende basi nimusalimie ule mupishi, nimushukuru."

"Usiende," baba alisema. "Hakuna mupishi. Hata mabati ya jikoni baliiba." Akaketi kwenye nyasi, mtu mzima yule, akaficha uso kwa mikono miwili. "Batoto bako na njala, Albertine. Ningekula namna gani?"

Fortunée alizikumbuka sahani zote zilizosukumwa mbele yake, na jinsi yeye na Eddy walivyozikomba bila kuuliza.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya watoto. Mama alisonga bukari ile ndogo, akaweka kando sombe, yaani majani ya muhogo, akawaita wote, wakawa wanne kwenye sinia moja.

"Munisikie," alisema. "Mutoto alimudanganya baba juu ya kumupenda. Baba alitudanganya juu ya kutupenda. Na ule upendo ulikuwa karibu kutuletea jeneza humu ndani. Fortunée, weye ulikuwa macho ya baba yako. Muntu akikuomba umuangalilie, unamuambia kile uliona, hata kama ni kibaya, juu yeye ataweka muguu pale unamuambia. Na weye, Papa Fortunée, unasema mupira haiwezi kukusifu bule. Kintu kimoja njo kilibadirika: tumbo yako. Mbona ulituficha kile kipimo? Humu ndani, mwenye njala aseme: niko na njala. Tukijua, tutatafuta pamoja. Tusipojua, kila muntu atakufa peke yake."

"Ni kweli," baba alisema. Akamgeukia binti yake. "Unisamehe."

"Weye pia, Papa."

Baba alinawa, akamega tonge, akala. Watoto hawakugusa sinia mpaka walipomwona amemeza.

Kazi ya Zambia haikurudi. Alipewa Mulenga, na huo ndio ukweli. Baba alikwenda kwa wanakamati wachache waliobaki klabuni, akawaomba waruhusu familia zenye njala zilime sehemu kubwa ya uwanja. Yeye aliyewahi kumfukuza mbuzi kwa kukanyaga nyasi zile, ndiye aliyepiga jembe la kwanza, na mama anasema alilia. Mvua zilipokuja walipanda mahindi na viazi. Walibakiza kipande kimoja chembamba cha nyasi.

Baada ya mavuno, baba alianza kupiga mipira tena pale. Fortunée husimama nyuma ya mwinuko, na mpira usipofika hakawii kupaza sauti.

"Haikufika, Papa! Imeanguka karibu!"

"Asante," baba hujibu kutoka upande wa pili, kisha huchukua fimbo nyingine.