Ngoma Iliyoikimbiza Bendi

Kila asubuhi, kabla ya chai, bendi ya shule yetu ya bweni huzunguka uwanja ikipiga wimbo wa gwaride, na wapishi hutoka jikoni kutusikiliza, au kutuonea huruma. Mimi hupiga matoazi. Ngoma kubwa ni ya rafiki yangu Radi, na bendi nzima hufuata mkono wake kama vifaranga wamfuatavyo mama yao.

Siku ya mashindano Radi aliamka mchovu, maana alikesha akiliwaza kombe. Akatoa kikopo alichopewa na binamu yake. Ndani mlikuwa na vifuko vyeupe, vidogo kama kucha.

"Kafeini hii," alisema kama profesa. "Unaweka kati ya mdomo na ufizi. Ni kahawa isiyohitaji kikombe."

"Inadumu muda gani?"

"Ladha ikiisha, nguvu imeisha. Unaweka kingine."

Ladha ya mnanaa iliisha hata chai haijapoa. Akatema, akaweka kingine. Nacho kikachujuka, akaweka kingine tena.

Zoezi la mwisho likaanza. Loo! Ngoma ilichomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Tulianza kwa mwendo wa heshima, tukaenda upesi, kisha bendi yetu tukufu ikatimua mbio. Wapiga tarumbeta waliishiwa pumzi. Kofia zilianguka.

"Radi!" alifoka mwalimu wa muziki. "Tunaandamana au tunafukuzwa?"

Radi alisimama. Akaibana kwapani mikwiro, vijiti vyake vya kupigia ngoma, akanisogelea.

"Moyo unanienda mbio," alininong'oneza. "Usiseme, ndugu yangu. Watanitoa kwenye bendi."

"Afadhali utoke kwenye bendi kuliko kutoka duniani," nilimjibu, nikamkokota hadi zahanati ya shule.

Nesi alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza. "Umetumia nini, mwanangu?"

Radi alitazama dari, akatazama sakafu, akanitazama mimi. Kisha akasema kweli.

"Vifuko vya kafeini, Nesi. Kimoja bado kimo mdomoni."

"Tema! Sasa hivi!"

Alimpa maji, akamketisha dirishani, akawa anampima mara kwa mara. Hatimaye mapigo yakaanza kutulia, nasi tukapumua.

"Lakini ladha ilikuwa imeisha!" Radi alilalamika.

"Ladha hubaki mlangoni. Kafeini ilikuwa imeshaingia ndani na kuketi. Hata saa tano baadaye, karibu nusu yake huwa bado imo mwilini. Wewe ulikuwa unaongeza kuni kwenye moto ukidhani umezimika. Tena vitu hivi si vya watoto."

"Nitapiga ngoma leo?"

"Leo hapana."

Machozi yalimlengalenga. Kisha akaomba aitwe Sisimizi, msichana wa ngoma ndogo, akamkabidhi mikwiro yake kwa mikono miwili.

"Tembea kwanza, ndipo upige," alimwambia. "Mkono ufuate miguu."

Mchana ule Sisimizi alitembea, akapiga, na bendi ikamfuata bila kofia hata moja kuanguka. Shule yetu ilipotangazwa mshindi, tulirukaruka kama bisi kwenye sufuria! Radi alipiga kelele kutoka kwenye benchi, kando ya Nesi.

Mwalimu wa muziki alimwendea. "Kwa kuwa ulisema kweli, ngoma inakungoja utakapopona."

"Na uchovu dawa yake ni kulala, si kikopo," Nesi akaongeza. "Kosa nalo dawa yake ni kulisema mapema. Kimya chako kingezidi kidogo tu, leo ningekuwa nashangilia kombe nikiwa hospitali, nimekushika mkono."