Kichwa cha Bwana Harusi

Oktoba ile jiji zima la Lima lilivaa zambarau kwa maandamano ya kanisa ya Bwana wa Miujiza. Chini ya matao ya uwanjani watu walibanana kiasi cha kukanyagana, wauza keki tamu za turoni wakiita wateja, moshi wa ubani ukiwasha macho. Casilda, mfua glavu, alikuwa amekumbatia kifurushi cha glavu nyeupe za mabibi wa watu pale mwanamume mrefu alipomgonga, na glavu zikamwagika.

"Huna macho wewe?"

"Ninayo, ila yalikuwa kwako." Akainama kuziokota moja moja, koti lake limepauka viwikoni, sharubu zimechongwa vizuri.

Casilda akamnyang'anya glavu na kuondoka bila asante. Tabasamu alilitunza mpaka alipopinda kona.

Kesho yake alipozianika juani, zikaanza kutoka alama za vidole, nyeusi tii. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, wapi! Watu wenye vidole vya namna ile walikuwa wapiga picha tu. Akazunguka studio moja baada ya nyingine mpaka akamkuta yule mwanamume.

"Tazama ulichonifanyia!"

"Ni dawa ya picha, ya madini ya fedha, mama yangu. Haionekani mpaka ipigwe na jua." Akamwonyesha mikono yake, kucha zote nyeusi. "Naitwa Evaristo. Lete, nina dawa ya kuzitoa. Ila ni sumu, usizilambe."

"Nilambe glavu kwa njaa gani?"

Wakacheka wote wawili, na mambo yakaanzia hapo.

Kila Jumapili Evaristo alipiga hodi, ameoga, amechana nywele, vidole vilevile. Alimwita kipenzi, malkia, jua langu. Shangazi Petronila, aliyemlea Casilda, hakuvutiwa.

"Jua langu, jua langu, na posa haleti. Mimi nahamia mji wa Guayaquil kufungua duka la dobi. Meli inang'oa nanga bandarini Callao Jumamosi. Twende."

"Siendi, shangazi. Nina mtu."

Siku iliyofuata Casilda alimpelekea mtu wake maharage na wali juu ya paa la studio, ambako karatasi za picha zilianikwa juani mpaka picha zitokee. Evaristo alikuwa chini na mteja. Casilda akainama kutazama karatasi zilizokwisha kukauka.

Evaristo huyo hapo. Koti refu jeusi, ua kifuani, mkono wake begani mwa bibi harusi mwenye shela hadi sakafuni.

Aliteremka na maharage yake. Jioni Evaristo alipobisha, mlango haukufunguliwa.

"Casilda! Nimefanya nini?"

"Jiulize!"

"Nimejiuliza, sijapata!"

"Basi kajiulize kwako!" Akageuka. "Shangazi, nakwenda Guayaquil."

Shangazi akampa kamba ya kufungia sanduku.

Ijumaa, sanduku likiwa limefungwa, mwanamke kijana akaingia na glavu za hariri. "Dada, nisaidie. Zilikuwa safi kanisani na hata studio, nimetoka kwenye jua zimetoka doa."

Alama ya kidole gumba, nyeusi tii. Casilda akauinua uso polepole. Alikuwa yeye, bibi harusi wa kwenye paa.

"Hongera," akasema. "Mume hajambo?"

"Sijui hata, dada! Yuko mbali huko Iquique, kwenye machimbo. Padri ametufungisha ndoa, kaka wa mume akasimama badala yake." Akatoa kadi ya picha kifuani, kwa fahari. "Lakini kaka mtu ni mfupi, hafiki hata begani kwangu. Kwa hiyo kwenye picha kijana wa studio akaazima koti akasimama yeye, kisha wakakata kichwa chake na kubandika cha mume wangu kutoka kwenye picha aliyonitumia. Mzuri, sivyo?"

Casilda akatazama. Koti lilelile, ua lilelile. Juu ya kola, uso wa mtu asiyemjua, mwenye ndevu. Na begani mwa bibi harusi, kucha nyeusi za Evaristo.

Pumzi aliyoibana tangu siku ile ya paa ikamtoka yote kwa kicheko, akaketi juu ya sanduku.

"Mzuri mno, dada. Niachie glavu. Najua pa kuzipeleka."

Alikwenda mbio, aproni kiunoni. Evaristo alikuwa akifuta kioo, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia umemwazima mtu mwili?"

Akaweka kioo chini. "Uliiona kabla sijakata kichwa!"

"Ningekikata mwenyewe. Meli inaondoka kesho. Sema lililo moyoni au niende."

"Keti hapo kwanza."

Akamketisha kwenye kiti cha wateja, akamwegemezea kichwa kwenye chuma cha kukituliza, akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera.

"Tulia. Usipepese, usijibu. Ukitikisika, picha imeharibika." Akafungua kifuniko cha kamera. "Sasa. Casilda, utaolewa nami?"

Shangazi Petronila alisafiri peke yake, akinung'unika hadi gatini. Picha ile bado imetundikwa kwao, juu ya meza ya kupigia pasi: gauni limetoka wazi, aproni, mikono iliyotulia magotini. Kichwa tu ndicho hakionekani. Kimekuwa wingu jeupe, kutoka juu hadi chini, la mwanamke anayeitikia kwa kichwa kwa nguvu zake zote.