Kishikwambi Kilicholala Kwenye Pikapu

Stefka Hrynkiw aliamka kabla ya mumewe, kama ilivyo kawaida yake. Alitia kuni jikoni, akateleka birika, kisha akachungulia dirishani. Theluji ilikuwa imefika ubao wa pili wa uzio. Pikapu ilisimama palepale, na waya wake ulitoka chini ya boneti mpaka kwenye soketi ya ukutani. Huko Manitoba, jimbo la baridi kali, Januari ikishaingia, gari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande. Asiyechomeka haendi popote.

"Gari ulilichomeka?" Metro, mumewe, aliuliza kutoka chumbani.

"Nililichomeka, bwana wangu. Wewe shuka kitandani polepole."

Moyo wa Metro ulikuwa umechoka. Haukusukuma damu kama zamani, kwa hiyo maji yalijikusanya miguuni. Alikunywa vidonge vya kuyapunguza. Kila Jumanne nesi wa zahanati ya mjini, Colleen, alimwona kwa njia ya video. Metro alipanda mizani, akataja uzito wake, kisha akapandisha suruali ili nesi aangalie miguu. Kwenda mjini ni mwendo wa saa mbili barabara ikiwa safi. Mwezi huo barabara haikuwa safi.

Kompyuta yao ya zamani ilikufa kabla ya Krismasi. Stefka akaenda dukani akanunua kishikwambi, kile kibao cha kioo kikubwa kuliko simu, ambacho mtu hukiendesha kwa kidole. Alichukua cha bei ya chini kuliko vyote. Chapa yake haikujulikana. Hata muuzaji alijaribu mara mbili kuitamka.

Mwanawe Taras, anayeishi jijini Winnipeg, alipiga simu jioni ile ile.

"Mama, nasikia umenunua kishikwambi. Cha nani?"

"Changu."

"Nauliza kampuni gani, Mama!"

"Jina lake linanishinda. Lakini kina kioo, kina kamera, na kinaongea."

"Hata kasuku anaongea. Ungenunua kama changu, kinachojulikana dunia nzima. Hivyo vya rahisi ni takataka tu."

"Kama chako? Kwa bei ya chako nanunua ndama, mwanangu."

"Basi Jumanne mwonyeshe nesi huyo ndama."

Jumanne ya kwanza kishikwambi kilifanya kazi, ila kwa kujikongoja. Uso wa Colleen uliganda mdomo ukiwa wazi. Sauti ilikuja, picha ikafuata baadaye. Chumba kilionekana giza. Lakini Metro alitaja uzito wake, nesi akausikia, na siku ikapita.

Jumatatu iliyofuata Stefka alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa. Huko wanawake hukutana kila wiki kubana pirogi, vile vipande vya unga vilivyokunjwa na viazi ndani, vya kuuzwa kwa ajili ya kanisa. Alichukua kishikwambi ili awaonyeshe wenzake picha za mjukuu. Akarudi nyumbani jioni amechoka, sinia la pirogi mkono mmoja, mfuko wa unga mkono wa pili. Alichomeka gari, akaingia ndani. Kishikwambi kilibaki kwenye kiti cha pikapu.

Asubuhi alikitafuta mezani, akakitafuta kabatini. Kisha akakumbuka.

"Yesu wangu!"

Alikikuta kimekuwa baridi kama shoka lililolala nje. Alibonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi. Basi akafanya kile ambacho watu wa huko hukifanyia kila kitu kilichoganda. Alifungua mlango wa oveni, akakilaza juu yake. Glavu hukaushwa hapo, viatu hupashwa moto hapo, na hata ndama aliyezaliwa usiku wa baridi kali huletwa ndani, hulazwa mbele ya oveni, naye huamka.

Kishikwambi hakikuamka. Kioo kilifanya ukungu kwa ndani. Saa ya nesi ikafika, ikapita. Simu ya mezani ikalia.

"Mama Stefka, nawasubiri," alisema Colleen.

"Kishikwambi kimekufa, nesi. Uzito naweza kukutajia."

"Uzito peke yake hautoshi. Wiki iliyopita picha ilikuwa giza, miguu sikuiona vizuri. Leo sijaiona kabisa. Daktari ameshasema. Tusipoweza kumwona Metro kila wiki, itabidi ahamie nyumba ya wagonjwa hapa mjini mpaka theluji iishe."

"Jumanne ijayo utamwona."

"Ijayo ni ya mwisho, mama. Mimi sina neno, lakini daktari hatakubali zaidi ya hapo."

Metro alikuwa amekaa mlangoni, anasikia yote. Kaka yake, Wasyl, alipelekwa kwenye nyumba ile wakati wa mavuno, naye hakurudi. Metro hakumtaja kaka yake. Alisema tu, "Mimi sihami," kisha akageukia dirisha.

Stefka hakumpigia Taras kwanza. Alimpigia jirani wa ng'ambo ya barabara, Bernadette Ducharme. Bernadette anafanya kazi maktaba ya kijiji, na siku za Alhamisi huwafundisha wazee kutumia vifaa kama hivi.

"Kiko wapi sasa hivi?" Bernadette aliuliza.

"Kwenye mlango wa oveni."

"Kitoe! Kitoe sasa hivi, Stefka! Usikichaji, usikiwashe. Kiweke mezani, mbali na jiko. Kiache hapo mpaka ukungu uishe wenyewe."

"Kitapona?"

"Sijui. Ndama ana damu ya kumpasha moto. Kifaa hakina."

Stefka alikiacha mezani. Alipita mara nyingi akikitazama, lakini hakukigusa. Ijumaa ukungu ulikuwa umekwisha. Alikichaji, akabonyeza. Kioo kikawaka.

Taras hakuamini. "Kimewaka leo, kesho kitazima. Jumamosi nakuja na changu. Mtaona tofauti, halafu tutanunua cha maana."

Jumamosi alifika jioni. Nje, baridi ilikuwa digrii thelathini na zaidi chini ya sifuri. Alichomeka gari lake kwenye soketi ya banda, akaingia mbio huku akipiga viatu sakafuni kuangusha theluji. Bernadette naye alikuja, amebeba keki. Walikula supu ya bitiruti na majani ya kabichi yaliyokunjwa na wali ndani. Walizungumza habari za barabara, za mjukuu, na za bei ya nyasi za mifugo. Chai ikanywewa. Kisha Taras akajifuta mdomo.

"Sasa ngojeni niwaletee kifaa."

"Kiko wapi?" mama yake aliuliza.

"Kwenye gari."

Stefka na Bernadette walitazamana.

Taras alirudi na kishikwambi chake kwenye mfuko mzuri wa ngozi. Akakisimamisha mezani, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kioo kilikuwa cheusi.

"Hiki ndicho kinachojulikana dunia nzima?" Metro aliuliza.

"Baba, betri ilikuwa imejaa!"

"Basi hata baridi inakijua."

Bernadette alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Taras mwenyewe alijaribu kununa, akashindwa.

"Kiweke kwenye oveni," Metro alisema.

"Hapana!" wanawake wawili walijibu kwa pamoja.

Bernadette alikirudisha kishikwambi cha Taras ndani ya mfuko wake wa ngozi. "Kiache humu kipate joto kidogo kidogo," alisema. "Betri zote za namna hii huchoka kwenye baridi kali, za bei ya juu na za bei ya chini. Kifaa huzima hata kama kina chaji. Ukikichaji kikiwa bado baridi, unaiharibu betri. Ukikipeleka kwenye joto ghafla, kinatoa jasho ndani kama miwani yako ukiingia nyumbani, na maji yanaharibu vyuma vyake."

"Kwa hiyo changu na cha Mama ni sawa?" Taras aliuliza.

"Sikusema hivyo. Kwenye baridi ni sawa. Kwenye mengine tuvipime."

Walisubiri. Keki ikaisha. Kishikwambi cha Taras kilipopata joto, kikawaka. Bernadette akaingia chumba cha kulala na simu yake, akapiga video kwa Taras, kisha kwa Stefka. Watu wa mezani walitazama. Kwenye kishikwambi cha Taras, Bernadette alionekana mpaka vinyweleo vya nyusi. Kwenye cha Stefka alikuwa kivuli kinachoongea, na mara mbili kilisimama.

"Mnaona?" alisema Taras.

"Tunaona," Bernadette alijibu alipotoka chumbani. "Chako ni bora. Kina kasi, kina kamera nzuri. Sasa swali. Mama yako anakitaka kwa kazi gani?"

"Kumwonyesha nesi miguu ya Baba."

"Mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki."

"Basi tukipime kwa kazi hiyo, si kwa jina." Akakichukua cha Stefka. "Mbona humu mna michezo mingi hivi?"

Stefka alikohoa. "Ni karata tu. Kidogo tu, jioni."

"Karata kidogo! Humu mna kasino nzima, Stefka. Kifaa cha rahisi kina nafasi ndogo. Ukikijaza, kinatembea kama mzee aliyebeba gunia. Bakiza mchezo mmoja."

"Miwili."

"Haya, miwili."

Bernadette akafuta iliyobaki. Kisha akauliza kisanduku cha intaneti kiko wapi. Kilikuwa sebuleni, na kila Jumanne Metro alizungumza na nesi kutoka jikoni, ukuta mnene katikati. Wakahamisha kiti cha Metro na mizani mpaka sebuleni. Mwishowe Bernadette akatafuta taa. Stefka akaleta ile ya kushonea. Wakaiweka sakafuni, ikimulika miguu ya Metro.

"Kamera dhaifu inataka mwanga," alisema Bernadette. "Ipe mwanga, nayo itakuonyesha."

Akapiga tena video kutoka chumbani. Safari hii picha haikusimama. Haikuwa nzuri kama ya Taras. Lakini Bernadette alipaza sauti, "Metro, soksi zako zina tundu!" Na kweli zilikuwa na tundu.

"Kuna jambo moja tena," alisema aliporudi. "Kila kishikwambi kina programu za kukilinda dhidi ya wezi wa mtandaoni. Kampuni huzirekebisha kila mara, lakini si milele. Za vifaa vya rahisi nyingi huacha mapema. Hiki chenu kimeahidiwa miaka miwili. Ikipita, usikitumie kwa mambo ya benki wala siri zako. Ni kama mlango uliochakaa kitasa."

"Changu kimeahidiwa miaka mingi zaidi," alisema Taras.

"Ndiyo, na umeilipia. Kama mama yako angekitumia kutwa nzima, au angetaka akae nacho muda mrefu, ningemwambia anunue kama chako. Ila kabla ya kununua, aulize. Kitafanya kazi gani? Kina nafasi kiasi gani? Kitalindwa mpaka lini? Kikikataa, duka litakipokea? Jina linakuja baada ya hayo."

"Mimi sikuuliza hata moja," Stefka alisema.

"Wala mimi," alisema Taras. "Nilinunua kwa sababu wote kazini wanacho."

Jumanne Stefka alikiwasha kishikwambi mapema. Alikijaribu kwanza kwa Bernadette. Kisha akaiwasha taa ya kushonea. Metro alipanda mizani, akakaa. Saa ya nesi ikafika.

"Leo nani amewaleteeni jua?" Colleen aliuliza.

"Ni taa ya kushonea," alisema Stefka.

"Inatosha. Metro, vua soksi. Hapo, hapo usitikisike." Akasogeza uso karibu na kioo. "Naona alama ya soksi. Ni ya ndani sana. Mama, bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, halafu achia."

Stefka akabonyeza, akaachia. Shimo la kidole likabaki kwenye ngozi, kama kwenye unga uliokandwa. Metro alilitazama kana kwamba mguu ule ni wa mtu mwingine.

"Na uzito umepanda," alisema Colleen. "Maji yanarudi. Nyamazeni kidogo, naongea na daktari."

Walisubiri. Kuni zililia jikoni. Kioo hakikuganda. Colleen aliporudi alitaja kipimo kipya cha vidonge, akamtaka Stefka akirudie. Stefka akakirudia.

"Tumeyaona mapema," alisema nesi. "Nitawapigia tena Ijumaa."

"Na ile nyumba ya mjini?" Metro aliuliza.

"Nikiiona miguu yako namna hii kila wiki, kaa kwako."

Ijumaa alama ya soksi ilikuwa imepungua. Jumanne iliyofuata kidole hakikuacha shimo. Metro alianza kwenda mwenyewe mpaka bandani, akiegemea fimbo, kuwaangalia ng'ombe wake waliobaki. Taras alipiga simu kuuliza kishikwambi kinaendeleaje.

"Kinajikongoja," mama yake alisema. "Lakini kinafika."

Jumatatu Stefka alikwenda tena kubana pirogi. Picha za mjukuu zilionekana tena, zikasifiwa tena. Jioni wanawake walivaa makoti yao mlangoni. Nettie, rafiki yake wa siku nyingi, akamtazama tumboni.

"Shoga, umebeba nini humo ndani? Isije ikawa mimba uzeeni!"

"Nimembeba Metro," alisema Stefka, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

Alipofika nyumbani alichomeka waya wa pikapu kwenye soketi, akapiga viatu sakafuni, akaingia.

"Umechomeka gari?" Metro aliuliza.

"Nimechomeka."

"Na kile kingine?"

Stefka akafungua koti, akakitoa kishikwambi, kina joto la mwili wake, akakiweka mezani mbali na jiko.